Kamba wa Robo Saa

Bi Upesi alikuwa amefagia sebule mara tatu tangu arudi kazini, na mara zote tatu alikuwa anaufukuza uzi mmoja mwekundu uliochomoza kwenye ukingo wa zulia. Mama mkwe wake alikaa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, akimtazama anavyohangaika.

"Uache huo uzi, mwanangu," alisema hatimaye. "Ndio unaolishika zulia. Ukitoka huo, mgeni atakaa sakafuni."

Bi Upesi akauacha. Akaingia jikoni, akatoka. Akachungulia dirishani, akarudi jikoni tena. Mgeni alisema atafika saa kumi na mbili, na sasa ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Nusu saa iliyobaki ilikuwa haiishi na wakati huohuo inakimbia.

Mgeni mwenyewe alikuwa msimamizi wa chumba cha kumenyea kamba, kule kiwandani. Wanawake arobaini walisimama humo kutwa nzima, buti miguuni na glavu mikononi: unang'oa kichwa, unavua ganda, unapasua mgongo, unavuta ule mshipa mweusi, unatupa kwenye trei ya barafu, unachukua mwingine. Bi Upesi alipata jina hilo kwa sababu wenzake wakijaza trei moja, yeye ana mbili. Lakini upesi wake haukumpa mkataba. Mwaka wa kumi na moja huu, kila alfajiri alisimama getini na wenziwe kusubiri majina yasomwe, na siku ambayo jina halikusomwa alirudi nyumbani na kisu chake kikiwa kikavu.

Sasa kiwanda kilikuwa kinafungua meza ya kupikia mbele ya duka lake. Walitaka mpishi mmoja kutoka kwa wamenyaji, awakaangie wateja kamba na mboga kwa robo saa, kwenye kikaango kimoja, waone kwamba hiki ni chakula cha mtu aliyechoka. Mpishi huyo angepewa mkataba wa kudumu, sare nyeupe na kadi ya matibabu. Chumba kizima kilimnyooshea kidole Bi Upesi. Mwezi uliopita, siku ya kumuaga mwenzao mmoja, alileta bakuli la kamba na mboga ambalo watu walilifuta kwa mkate mpaka likang'aa. Msimamizi naye alisikia sifa zake, akasema atakuja mwenyewe aone likipikwa.

Tatizo lilikuwa moja tu, nalo si dogo. Kamba wale Bi Upesi hakuwapika yeye.

*

"Rudia," alisema mumewe.

Mumewe waliyemwita Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha mpaka karakana ilipofungwa miezi minane iliyopita. Tangu hapo, mikono yake ilikosa cha kushika ikaangukia kikaango. Kila Ijumaa kiwanda kiliwapa wamenyaji pakiti ya kamba waliokatika, na kila Ijumaa Fundi alifunga mlango wa mbele, akashusha pazia, akawapika. Hakutaka mtu ajue. Wenzake wa karakana walikuwa na ndimi kali, na alishajua watakachosema: fundi wa mageti sasa ni fundi wa vitunguu.

"Kikaango kwanza mpaka kitoe moshi kidogo," Bi Upesi alirudia. "Mafuta. Kamba, wasilaliane. Nageuza. Natoa. Halafu kitunguu, karoti, hoho. Kitunguu saumu mwishoni kisiungue. Kamba wanarudi, limau, nazima."

"Na kamba aliyeiva?"

"Amejikunja nusu duara."

"Akijikunja duara zima?"

"Nimemuua mara ya pili."

Fundi akacheka kidogo. Kila kitu alikuwa ameshakiweka tayari: karoti vijiti vyembamba, hoho vipande, kamba wamekaushwa kwa taulo safi ili wasiteme maji. "Nitakuwa chumbani nyuma ya pazia," alisema. "Nitasikiliza sauti ya mafuta. Nikikohoa mara moja, geuza. Mara mbili, toa."

"Mara moja geuza, mara mbili toa."

"Lakini si bora tumwambie ukweli tu? Kwamba umewachoka kamba, unashinda nao kutwa, hutaki kuwaona nyumbani?"

"Atasema basi huwezi kusimama kwenye meza ya kamba," alijibu Bi Upesi. "Usinivurugie, Fundi. Kumi na moja, hii ni miaka kumi na moja."

Fundi alipanga upya vijiti vya karoti. Aliamini hivyo tangu zamani, kwamba mkewe amewachoka kamba. Kila Ijumaa akiwasha jiko, Bi Upesi alijitanda khanga akatoka kwa jirani, harudi mpaka harufu iishe. Yeye alikuwa na maelezo yake moyoni kuhusu jambo hilo, maelezo yaliyomuuma, ila hakuwahi kuyasema. Na Bi Upesi alikuwa na ya kwake. Mvuke wa kamba wakiiva ulikuwa unamkaba. Mwaka wa tatu sasa kifua kilifunga kama mdomo wa mfuko uliokazwa uzi, na hata kule kiwandani, kwenye baridi, alianza kukohoa saa za jioni akisingizia vumbi la barafu, kana kwamba barafu ina vumbi. Hakumwambia mtu. Mmenyaji aliyesema anaumwa hakusomwa tena getini, na nyumba hii ilikula kwa mikono yake peke yake.

Alikuwa na mpango. Angevuta pumzi ndefu, aizuie, apike, achomoze kichwa dirishani, avute nyingine. Robo saa ni nini? Watu wanazaa.

*

Msimamizi alibisha hodi saa kumi na mbili kamili, begi la karatasi kwapani na kitambaa cheupe mkononi. Wamenyaji walimwita Bi Kitambaa, lakini nyuma ya mgongo wake. Hakuna aliyewahi kumwona chumbani kwao bila kitambaa hicho puani, na wote walikubaliana kuhusu sababu: anaona wananuka. Mwenzetu amepata cheo, harufu yetu sasa inamchefua. Hata kutoa amri alitoa akiwa mlangoni.

"Karibu, madam," alisema Bi Upesi. "Karibu kitini."

"Nitakaa hapahapa," alijibu, akavuta kiti hadi kizingitini, karibu nusu yake nje.

Mama mkwe hakuipenda hiyo. "Mwanangu, nyumba yetu inanuka?"

"Hapana, mama. Mafua kidogo."

"Pole. Mafua haya nasikia yana miaka mingi."

Bi Upesi alitamani zulia limmeze, uzi na yote. Msimamizi alitazama saa yake ya mkononi. Alionekana hana raha. Mguu wake ulikuwa unagonga sakafu bila yeye kujua. "Tuanze, tafadhali. Fomu yako natakiwa kuifikisha asubuhi. Nisipopeleka mpishi, wamesema nitapika mwenyewe."

"Basi utapeleka," alisema Bi Upesi, akaingia jikoni. Jiko halikuwa na mlango, kwa hiyo alionekana vizuri kutoka sebuleni. Aliwasha gesi. Kikaango kikatoa moshi kidogo. Akamimina mafuta, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akawalaza kamba mmoja mmoja. Wakaanza kuimba kwenye mafuta, ngozi zikigeuka kutoka kijivu kwenda waridi, na mvuke ukapanda mweupe hadi darini.

Mtu akakohoa mara moja.

Akageuza. Upesi kidogo, alifikiri, lakini Fundi anajua.

Mtu akakohoa mara mbili.

Akatoa. Kamba wale walikuwa wabichi upande mmoja, hata asiyejua kupika angewaona, lakini mara mbili ni mara mbili. Akawamwaga kwenye sahani. Halafu mtu akakohoa mara tatu, nne, tano, mfululizo, na tano haikuwemo kwenye mpango. Bi Upesi alisimama na kijiko cha mbao hewani. Tano ni nini? Awarudishe? Akageukia pazia la chumbani kuomba msaada, na hapo ndipo akagundua kwamba kikohozi hakitoki huko.

Kwa mshangao akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi moja tu, ya kusahau.

Kifua kilifunga papo hapo. Kijiko kikaanguka. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili akitafuta hewa, na hewa ikawa inaingia kwa filimbi, nyembamba, haitoshi. Pazia la chumbani likafunguka na Fundi akatokea na fulana yake ya ndani, macho yamemtoka.

"Nani anakohoa?" aliuliza. "Si mimi."

Mgeni alikuwa ameinama kizingitini, kitambaa kimeanguka, uso umevimba kwa machozi, anakohoa mpaka kiti kinatembea. Jikoni mkewe alikuwa amefungua mdomo kama samaki. Fundi alitazama huku, akatazama kule. Ilibidi mama yake ainuke, yeye ambaye magoti yake hayakuinuka kwa mtu.

"Unashangaa nini? Watoe nje wote wawili," alisema bibi huyo. "Halafu urudi umalize, gesi inaungua bure."

*

Uani palikuwa na benchi la mbao karibu na bomba la maji la wapangaji wote. Fundi aliwakalisha hapo, akarudi ndani kwa sababu hakujua kingine cha kufanya. Jua lilikuwa linazama. Wanawake wawili walikaa bega kwa bega wakihema, hakuna anayemtazama mwenzie, mpaka filimbi vifuani zikapungua.

"Tangu lini?" aliuliza Bi Kitambaa.

"Mwaka wa tatu. Na wewe, madam?"

"Mimi nilikuwa mmenyaji kabla yako. Mwaka wa tisa." Aliokota ncha ya kitambaa chake, akaikunja, akaikunjua. "Silali chali. Nalala nimekaa, na mito mitatu mgongoni. Mwanangu anadhani nasali."

Bi Upesi alikumbuka vicheko vyote vya chumba cha kumenyea, hasa vile alivyovianzisha yeye, akaona haya kwelikweli. "Sisi tulisema unaona tunanuka."

"Najua mlivyosema. Nilishukuru. Afadhali niitwe mwenye kiburi kuliko mgonjwa."

Wakacheka, kikohozi kikawarudia, wakaacha kucheka. Kisha msimamizi akafungua begi, akatoa fomu ya karatasi moja. Kila mahali palikuwa pameshajazwa isipokuwa sahihi.

"Sikiliza," alisema, sauti chini. "Kupika umepika, mimi sikuona vizuri. Weka sahihi, kazi ni yako. Ni robo saa tu, mara mbili kwa siku, na nitaomba wakuwekee feni. Utavumilia."

"Wewe ungevumilia?"

Msimamizi alichomoa kalamu begini. Akampa bila kumtazama. Bi Upesi alimwelewa. Asipopatikana mpishi, yule wa kusimama juu ya mvuke kesho alikuwa huyuhuyu aliyekaa naye hapa, na alikuja mbio mwenyewe si kwa ajili ya sifa za bakuli. Hakumchukia. Yeye naye si alimleta nyumbani kumwonyesha upishi wa mtu mwingine?

Akasoma fomu. Swali la saba lilisema: *Je, mfanyakazi ana tatizo lolote la afya?* Mbele yake palikuwa pameandikwa: *Hana.*

"Hili umelijaza kabla hujaniuliza."

"Huwa nalijaza hivyo kila mwaka. Kwenu wote arobaini. Na kwangu."

Chini ya swali palikuwa na maandishi madogo, ya yule anayejua hutayasoma. Bi Upesi aliisogeza karatasi kwenye mwanga uliobaki. *Mwenye tatizo apelekwe kwa daktari wa kiwanda kabla ya kupangiwa kazi.* Alisoma mara mbili. "Kumbe tuna daktari."

"Yupo kila Jumamosi, kama kesho. Anakunywa chai anaondoka. Hana wa kumtibu, sote ni wazima."

Mlango ukafunguka na Fundi akatoka na kikaango mkononi, mvuke ukimtangulia. "Dakika kumi na nne," alisema.

"Usilete huku," walisema wote wawili kwa pamoja, wakirudi nyuma kwenye benchi.

Alisimama palepale. Wapangaji watatu waliokuwa wakichota maji walimtazama: fulana, taulo begani, kikaango cha kamba waridi na hoho, kijiko cha mbao kimepachikwa kwapani. Siri yake ya miezi minane ilikuwa imesimama uani na yeye hakuwa hata na habari nayo. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Si kuwachoka," alisema.

"Si kuwachoka."

"Ni kukukaba."

"Ndiyo, Fundi."

Aliweka kikaango chini kwenye saruji, polepole, kama kitu kilichomuunguza. "Na mimi kila Ijumaa nakukaangia hapohapo ndani. Unatoka, unakwenda kwa jirani, nabaki nakula na mama. Nilidhani unanionea haya. Nilidhani hutaki kukaa na mwanamume anayepika."

"Nilijua unadhani hivyo," alisema Bi Upesi. Lilikuwa neno gumu kuliko yote ya siku hiyo, na alilisema. "Nikaona ni afadhali udhani hivyo kuliko ujue."

Fundi aliketi kizingitini, akajifuta uso kwa taulo la kukaushia kamba. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake na sahani tupu. "Mficha maradhi, kilio kitamuumbua," alisema, lakini kwa upole, akamwekea mwanawe mkono kichwani. Kisha akakiinamia kikaango, akajipakulia, akaonja pale pale mbele ya wapangaji. "Limau limezidi kidogo. Vinginevyo nimezaa mpishi, nani ana neno?"

Hakuna aliyekuwa nalo. Mpangaji mmoja aliuliza kama kimebaki.

Bi Upesi aliweka fomu gotini. Akakata *Hana* kwa mstari mmoja ulionyooka, kama anavyopasua mgongo wa kamba, akaandika juu yake: *Ana. Kifua.* Akaweka sahihi.

"Unajua ulichofanya," alisema msimamizi. "Kesho asubuhi jina lako halitasomwa."

"Nani anasoma majina?"

Msimamizi alitazama bomba la maji. Tone moja lilianguka, likafuatwa na lingine.

"Mimi," alisema.

Akaikunja fomu, akaitia begini, akaaga wote kwa heshima, akaondoka bila kuonja chochote.

*

Bi Upesi hakupata usingizi, na alfajiri alitoka mapema kuliko siku zote. Fundi alimsindikiza hadi getini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimshika mkono tu, mkono ule wenye kucha zilizopauka kwa maji ya barafu, na walipofika akasimama kando ya ukuta na madereva wa malori.

Wanawake walikuwa wamejipanga. Msimamizi alitoka na orodha yake, akasimama kwenye ngazi, mbali kama kawaida, kitambaa puani. Alianza kusoma. Kila aliyesikia jina lake alipita ndani. Kumi wakapita. Ishirini. Jina la Bi Upesi lilizoea kuwa la nne au la tano, na la tano lilipita zamani. Thelathini wakapita. Alianza kuhesabu buti zilizobaki mbele yake ili asihesabu kitu kingine. Nyumbani wataanza na nini? Watauza kochi, halafu gesi. Aliumia, na aliumia zaidi alipofikiri kwamba hata yeye, angekuwa juu ya ngazi ile, huenda asingesoma.

Wakabaki saba, wakasomwa watano. Binti mmoja mgeni akaambiwa arudi Jumatatu. Bi Upesi alibaki peke yake kwenye mstari, akainamisha kichwa, akageuka kumtafuta Fundi ukutani.

"Sijamaliza," alisema msimamizi.

Alikuwa ameondoa kitambaa puani. Wale waliokwisha kupita walisimama ndani ya geti kutazama, maana uso mzima wa mwanamke yule walikuwa hawaujui vizuri. Akageuza karatasi upande wa pili.

"Wa kwenda kwa daktari," alisoma kwa sauti, na mlinzi wa geti akainua kichwa. Akasoma jina la Bi Upesi, lile la kwenye cheti. Kisha akasoma jina la pili.

Wanawake wakaanza kutazamana. Jina hilo hawakuwahi kulisikia. Waliulizana nani huyo, mgeni, wa zamu ya usiku, wa idara gani, na kila mmoja akatikisa kichwa.

Bi Kitambaa aliikunja orodha, akashuka ngazi moja moja, akaja akasimama kwenye mstari, nyuma ya Bi Upesi.